Weka Chini Hiyo Chupa ya Mafuta

(Mhadhara kwa wafugaji wa mbwa, Moshi)

Wazee wangu shikamooni, na wengine habari za mchana. Desemba ndiyo hii, mabasi ya Dar yanashusha watu, na kuanzia Rombo hadi Machame mbuzi wameshahesabiwa. Ndafu italiwa, mtori utachemka, kisha sinia la mifupa litamwagwa uani. Mbwa na mfupa mnawajua, sina haja ya kuwatambulisha. Mimi nimekuja kugombana na chupa ya mafuta.

Mbwa akikwamwa, jirani wa kwanza kufika anasema, "Mnywesheni mafuta, mfupa uteleze." Wa pili anataka tonge kubwa la ugali, kwa sababu ndivyo tunavyofanya sisi wenyewe tukikwamwa na mwiba wa samaki. Wa tatu anakoroga chumvi ili mbwa atapike. Huyu wa tatu ndiye ninayemwogopa zaidi, lakini tuanze na mafuta.

Mbwa mwenye mfupa kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hawezi kumeza. Ukimmiminia mafuta yanasimama juu ya mfupa, yanajaa, halafu yanamwagikia njia ya hewa. Maji yangemkohoza mara moja. Mafuta ni laini, hayamshtui, kwa hiyo yanashuka taratibu hadi mapafuni bila kikohozi cha maana. Mfupa daktari angeweza kuutoa. Mafuta yakishaingia kwenye mapafu, nani atayatoa? Tafadhali mama, hata yale ya alizeti. Hata kijiko kimoja.

Tonge nalo. Mfupa hupenda kukwama mahali patatu: umio unapoingia kifuani, unapopita juu ya moyo, na kabla tu ya kuvuka kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Hapo umio hautanuki vizuri. Tonge likija kwa nyuma, ncha ya mfupa inazidi kuchimba ukutani. Ukuta ukitoboka, mate na chakula vinamwagika ndani ya kifua. Na hata usipomlisha chochote, mfupa uliobana unakata damu mpaka nyama ya hapo inakufa. Ndiyo maana sikubali neno "tumwangalie mpaka Jumatatu".

Chumvi? Nyingi ni sumu kwa ubongo wa mbwa. Na mfupa ambao umeshashuka tumboni salama unaurudisha njia ileile, safari hii kwa nguvu na labda ncha ikiwa mbele. Naona mkono kule nyuma: "Mbona akila sumu tunamtapisha?" Si kila sumu, mzee wangu, na mfupa si sumu.

Haya, sasa cha kufanya. Kwanza pumzi. Kama anakoroma, ufizi unageuka bluu, anajikwaruza mdomo, mfupa umeziba njia ya hewa na una dakika chache tu. Fungua mdomo, vuta ulimi mbele. Ukiuona mfupa na unashikika, utoe kwa vidole au plaizi, usiusukume ndani. Hauonekani? Simama nyuma yake, zungusha mikono tumboni, weka ngumi nyuma tu ya mbavu za mwisho, bonyeza kwa nguvu kwenda juu na mbele mara tano. Angalia mdomo, rudia, huku mtu mwingine akiwasha gari.

Lakini kabla ya kuingiza mkono, swali moja: nani alimwona akila mfupa? Mbwa anayetokwa udenda, taya limelegea, hawezi kumeza, anafanana kabisa na aliyekwamwa. Hivyo hivyo ndivyo kichaa cha mbwa kinavyoonekana kikiwa cha kimya, kisicho cha kukimbiza watu barabarani. Kama hakuna aliyeuona mfupa, na chanjo yake huna uhakika nayo, toa mkono, mfungie ndani, mwite daktari wa mifugo. Mate yake yakigusa mchubuko, au akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba ya kutegemea.

Anapumua vizuri, lakini anameza mate mara kwa mara, ananyoosha shingo, chakula kinarudi kama kilivyoingia? Mfupa uko kwenye umio. Asile, asinywe, apelekwe. Eksirei kwa kawaida inauonyesha mfupa. Ulizeni leo ni kliniki gani inayo na inafungua usiku, msiulize mkesha wa Krismasi.

Mfupa ukishafika tumboni na mbwa yuko mchangamfu, tulieni kidogo: tindikali ya tumbo inalainisha mfupa. Mpe wali laini au boga la kuchemsha kidogo kidogo, kagua kinyesi siku tatu. Akitapika tena na tena, tumbo likajaa, akainamisha kifua huku makalio yake yakiwa juu, kinyesi kikawa cheusi au cha damu, usingoje siku ya tatu.

Naonyeshwa saa. Basi haraka: mfupa wa kuchoma umekauka, unavunjika vipande vyenye ncha, wa kuku ndio usiseme. Mfupa wa supu wenye tundu ukimnasa taya la chini kama pete, paka mafuta (hapo ndiyo, nje!) na usipotoka usivute, ukakatwe kliniki. Akijikamua na kinyesi ni kigumu cheupe kama chokaa, usichokonoe kwa nyuma. Dawa zenu za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, zinachoma tumbo lake, msimpe. Na sinia la mifupa usiku lifungiwe stoo. Ndoo ya jikoni isiyo na mfuniko mbwa anaiangusha kwa pua.