Filta ya oili yenye jina geni: igeuze, itazame mdomo

ZUHURA: Karibuni tena kijiweni kwetu. Leo ni filta ya oili, hasa ile unayokutana nayo kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kwenye boksi lenye jina ambalo hujawahi kulisikia, bei yake chini kabisa, na muuzaji anakuambia "mafundi wengi wanaichukua hii." Fundi Baraka, mtu anunue au aiache?

BARAKA: Aitoe kwanza kwenye boksi, dada Zuhura. Boksi halithibitishi kitu. Kuna viwanda vinavyotengeneza filta moja na kuichapa majina tofauti kwa kila mteja, kwa hiyo jina geni linaweza kubeba mali nzuri. Na boksi la jina kubwa nalo linaweza kuwa feki, ndiyo maana Tume ya Ushindani, FCC, kila mara inasaka bidhaa bandia madukani.

ZUHURA: Haya, nimeitoa. Natazama nini?

BARAKA: Igeuze mdomo uelekee kwako. Katikati kuna tundu kubwa lenye nyuzi kama za skrubu, na kulizunguka kuna vitundu vidogo. Oili chafu inaingilia vile vidogo, inapita kwenye karatasi ya kuchuja iliyo ndani, halafu inatokea katikati kurudi kwenye injini. Chungulia kwenye vile vitundu vidogo, utaona raba. Chukua kijiti safi uisukume taratibu. Inatakiwa ibonyee, na ukitoa kijiti irudi palepale, izibe vitundu vyote. Ukikuta imekunjamana, imekaa upande au imekakamaa, mrudishie mwenyewe.

ZUHURA: Hiyo raba inafanya kazi gani hasa?

BARAKA: Inazuia oili isirudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ukizima gari. Kuna injini ambazo filta inalala ubavu au mdomo wake unatazama chini. Raba ikiwa mbovu, usiku kucha oili inashuka yote. Asubuhi pampu inaanza kujaza filta kwanza, huku vyuma vinavyozunguka ndani ya injini, kemshafti na beringi, vinasubiri. Ule mlio wa kugongagonga sekunde chache ukiwasha, na taa ya oili kuchelewa kuzimika, mara nyingi vinatokea hapo. Kama filta ya gari lako inakaa mdomo juu, oili inabaki yenyewe ndani ya kopo, hivyo raba haina mzigo mkubwa.

ZUHURA: Wateja siku hizi wanaulizia raba ya rangi ya chungwa, wanasema ndiyo silikoni.

BARAKA: Silikoni kweli inahimili joto kuliko raba ya kawaida ya nitraili, ambayo hukakamaa joto likiwa kali kwa muda mrefu. Lakini rangi inaweza kutiwa kwenye raba yoyote. Kwa mtu anayemwaga oili kila kilomita 5,000, nyeusi iliyolala sawasawa inamtosha. Naichukua hiyo kuliko ya chungwa iliyopinda.

ZUHURA: Tuje kwenye nyuzi. Najua hapo una la kusema.

BARAKA: Ninalo, maana hapo ndipo injini inaweza kufa siku moja. Filta nyingi za Toyota zina nyuzi za robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Nyingi za Honda na Nissan ni milimita 20. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiifunga ile ya 20 kwenye Toyota, itaingia, itazunguka, hata utahisi imekaza, kumbe imeshikwa na ncha za nyuzi tu. Presha ikipanda inaweza kuchomoka, na oili yote ikamwagika barabarani.

ZUHURA: Na muuzaji anakuwa amepima kwa macho.

BARAKA: Kwa macho, au kwa kulinganisha tu raba ya mdomoni, ile ya nje inayobana kwenye injini. Usikubali. Namba za filta za kufunga kwa kuzungusha za Toyota zinaanza na 90915. Filta ya kampuni nyingine inayodai kuingia badala yake inatakiwa iwe na namba yake kwenye kopo, na muuzaji akuoneshe kwenye katalogi inaingiliana na ipi. Na wakati wa kufunga, izungushe mizunguko kadhaa kwa vidole kabla raba ya mdomoni haijagusa injini, kisha itikise. Ikicheza sana kuliko ile uliyoitoa, simama hapohapo.

ZUHURA: Karatasi je? Wengi wanapima kwa uzito mkononi.

BARAKA: Uzito unakuambia habari za bati na chuma. Uwezo wa karatasi kuchuja haupimiki kwa mkono wala kwa jicho. Kampuni makini inataja kipimo, kwa mfano 99% kwa chembe za mikroni 20, chini ya kiwango cha kimataifa cha kupima filta za oili, ISO 4548-12. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70, kwa hiyo hapo tunazungumzia vitu vidogo sana. Kampuni inayoandika "99%" bila kutaja mikroni haijakuambia kitu.

ZUHURA: Na kama hakuna maandishi yoyote?

BARAKA: Ifunge kwa sevisi moja fupi, halafu ukiitoa uipasue. Acha ichuruzike usiku kucha, kisha tumia kifaa cha kukatia filta. Msumeno wa chuma unamwaga chenga kwenye karatasi, utadhani injini inajila. Tandua karatasi. Mikunjo iwe imepangika, isiwe imesongamana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Kisha tafuta pale ncha mbili za karatasi zinapokutana. Pakiwa wazi, oili imekuwa ikipita bila kuchujwa tangu siku ya kwanza. Vifuniko vya kadibodi kwenye ncha si kosa. Kosa ni gundi iliyoachia.

ZUHURA: Ile valvu ya baipasi?

BARAKA: Inafunguka karatasi ikiziba au oili ikiwa nzito, oili ipite bila kuchujwa, injini isikose oili. Injini nyingine valvu hiyo iko kwenye bloku, yaani mwili wa injini wenyewe, kwa hiyo ujue gari lako kabla ya kuilaumu filta kwa kutokuwa nayo.

ZUHURA: La mwisho. Filta mpya ikivuja, ndiyo mbovu?

BARAKA: Tazama kwanza kama raba ya mdomoni ya filta ya zamani imebaki imeganda kwenye injini. Raba zikiwa mbili lazima zivuje, na filta za bei ndogo husingiziwa sana kosa hilo. Futa pale, paka oili raba mpya, zungusha mpaka iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Washa gari, uiname uangalie. Ikivuja tena na raba ni moja, nyuzi nazo ni za gari lako, irudishe dukani na risiti yako.