"And" sio "na" tu: kuunga vivumishi na vitenzi kwenye Kiingereza

Haya, shikamooni wakubwa, na nyie wengine mambo vipi. Naona viti vya nyuma vimejaa vya mbele vitupu kama kawaida yetu, sogeeni bwana, leo siulizi mtu swali. Labda mmoja wawili.

Nianze na barua. Nilipomaliza shule niliomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja, sitaitaja, na humo kwenye barua kuna sentensi nilijivunia sana, nimewaandikia ubaoni hapa: "I am honest, hardworking and I have experience and knows computer." Kila neno mnalielewa si ndio? Mama aliyenihoji akachukua kalamu nyekundu akazungushia zile "and" mbili, hakusema kitu, akanirudishia karatasi. Kazi sikupata. Na mimi nikabaki nashangaa, yani "and" ina kosa gani, "and" si ni ya darasa la tatu!

Wangapi hapa kwao wanalimia ng'ombe? Eeh, naona mikono. Sasa mnajua, kwenye nira unafunga ng'ombe na ng'ombe, ukifunga ng'ombe huku na mbuzi kule jembe linazunguka tu hapo hapo. "And" ndo nira yenyewe. Kivumishi kikikaa kushoto, kulia kikae kivumishi, kitenzi kikikaa kushoto basi kulia kitenzi, tena kinachokubaliana na kiima kile kile. Rudini kwenye sentensi yangu: honest, kivumishi, hardworking, kivumishi, safi kabisa, halafu ghafla "I have experience", hiyo ni sentensi nzima imekuja na kiima chake, halafu "knows", kitenzi chenye s ya he au she wakati anayeongea ni mimi. Ng'ombe, ng'ombe, mbuzi, kuku. Ingetosha kuandika "I am honest and hardworking, have worked at a front desk, and can use a computer." Am, have worked, can use, vitenzi vitatu vyote vinamtegemea "I" mmoja aliyekaa mwanzoni.

Ila msifikiri tunakosea kwa sababu hatujui "and". Tunakosea kwa sababu ya Kiswahili chetu, na hapa ndo nataka tukae kidogo. Mtu akirudi kazini anasema nini? "Nimechoka na nina njaa." Kuchoka ni kitenzi, njaa ni jina, na Kiswahili hakina shida na hilo. Mwingereza yeye vyote viwili kwake ni vivumishi: "I'm tired and hungry." Sisi tukitafsiri neno kwa neno inatoka "I am tired and I have hungry", na nimeisikia hiyo kwa watu wenye digrii kabisa, msicheke. Kiswahili kina vivumishi vichache vya asili, -refu, -fupi, -zuri, -baya na wenzake, vinavyobaki tunavisema kwa njia nyingine: ana hasira, ana usingizi, amelewa, amelowa. Kwa Kiingereza hao wote ni ng'ombe wa zizi moja, angry, sleepy, drunk, wet. Kwaiyo kabla hujaweka "and" usiangalie neno la Kiswahili likoje, angalia la Kiingereza likoje.

Halafu kuna hili la vivumishi kukaa mbele ya jina. "The bus is big and red", hapo "and" lazima iwepo. Ila vikiwa mbele ya jina ni "a big red bus", "and" inaondoka. Rangi mbili kwenye kitu kimoja ndo zinaibakiza, "a black and white cow". Koma je? Jaribu kugeuza. "A long, boring meeting" unaweza kuigeuza ikawa "a boring, long meeting" na maana haiharibiki, basi weka koma. "A cheap plastic chair" ukiigeuza, "a plastic cheap chair", sikio lenyewe linakataa, basi usiweke.

"But" nayo inaunga vivumishi, "tired but happy", ila inamfichua mtu. Ukiandika "poor but honest" umeshasema kwamba maskini kwa kawaida sio waaminifu. Ile "lakini" yetu nayo ni hivyo hivyo, sema kwa lugha yako hujisikii.

Twende kwenye vitenzi. Sisi tuna -ka-, na sijui kama huwa mnaona ni utajiri gani: "Aliamka akaoga akanywa chai akaondoka." Hakuna kiunganishi hata kimoja! Kiingereza hakina -ka-, na wanafunzi wangu wanaziba pengo hivi: "He woke up and he bathed and he drank tea and he left." Sio kosa, ila ni kama mtoto anasimulia habari za jana, na sababu ni ile a- ya aliamka, akaoga, akanywa, tumezoea kila kitenzi kibebe mtendaji wake. Mwingereza anamtaja mara moja anamwacha: "He woke up, bathed, had tea and left." Koma zinafanya kazi ya -ka-, "and" inakuja mwisho tu. Na ukiwa na "can" ni hivyo hivyo, "she can cook and clean", sio "can cook and cleans", can imeshashika vitenzi vyote viwili.

Sasa kukana, hapa wengi ndo wanaanguka. "Hakula wala hakulala", sisi tunakana mara mbili. Kiingereza kinakana mara moja halafu kinaweka "or": "He didn't eat or sleep." Ukisema "didn't eat and sleep" mtu anaweza kuelewa kwamba hakufanya vyote viwili, labda kimoja alifanya. Mmeshaona ule ujumbe wa barabarani, "Don't drink and drive"? Kunywa ruhusa, kuendesha ruhusa, visikutane tu. Ingekuwa "Don't drink or drive" mabaa na madereva wote wangefunga kazi.

Na msidhani haya ni mambo ya darasani. Kule Marekani, jimbo la Maine, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai hela ya ovataimu. Sheria ilitaja orodha ya kazi zisizolipwa ovataimu, na mwishoni imeandikwa "packing for shipment or distribution", bila koma kabla ya "or". Kampuni ikasema distribution ni kazi inayojitegemea, kwaiyo madereva hamlipwi. Madereva wakasema hapana, hiyo "or" inaunga shipment na distribution, kazi ni moja tu nayo ni kufungasha, na sisi hatufungashi, tunasambaza. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona sentensi ina utata, ikawapa madereva haki, na 2018 kesi ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 5. Yani wamebishana "or" inaunga nini na nini, basi.

Muda naona umeisha. Kaandikeni hii kwa Kiingereza mniletee Jumamosi: "Alirudi nyumbani amechoka, ana njaa na amelowa, akavua viatu akalala." Na "he" nataka kuiona mara moja tu.