Wastaafu wa Jeshi Wanapomtuza Polisi

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie tuzo, na najua neno hilo linawakumbusha hotuba ndefu na soda ya moto. Basi nianzie mbali kidogo: Washington, mwaka 1932.

Kiangazi kile, askari walioipigania Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza walijaa mji mkuu, wengine na wake na watoto, wakidai kifuta jasho chao. Sheria ya 1924 iliwaahidi, ila malipo yangoje 1945. Mtu hana kazi, watoto wana njaa, unamwambia asubiri miaka kumi na mitatu! Wakajenga vibanda kando ya mto Anacostia.

Mkuu wa polisi wa mji alikuwa Pelham Glassford, jenerali mstaafu wa vita ile ile. Alizunguka kambini kwa pikipiki, akaongea nao, akatoa hela mfukoni mwake wapate kula. Lakini tarehe 28 Julai, polisi walipokuwa wakiwaondoa katika majengo ya mjini, risasi zao ziliwaua wastaafu wawili, William Hushka na Eric Carlson. Jeshi likaingia na vifaru, kambi ikateketea. Glassford alijiuzulu mwaka huo huo. Hela zilikuja kulipwa 1936.

Nimeanzia huko kwa sababu watu wakisikia wastaafu wamempa polisi tuzo, husema wenye bunduki wanasifiana. Kuna ukweli ndani yake. Marekani, karibu polisi mmoja kati ya watano alipitia jeshini. Ila kati ya makundi haya damu pia imewahi kumwagika.

Sasa tuzo yenyewe. American Legion, chama cha wastaafu wa jeshi la Marekani kilichoanzishwa Paris 1919 na wanajeshi ambao hata nyumbani walikuwa hawajarudi, humchagua polisi bora wa taifa kila mwaka. Wenzao wa VFW, chama kingine cha wastaafu wa jeshi, huwatuza polisi, zimamoto na wahudumu wa dharura. Jina huanzia tawini, kwa wazee wanaomfahamu mtu kwa sura, likapanda jimboni, kisha taifani. Legion wanataka aliyefanya zaidi ya wajibu wake, tena awe na mazoea ya kuitumikia jamii. Hayo mazoea ndiyo yaliyonivuta. Ushujaa wa usiku mmoja hautoshi.

Niliwahi kukaa kwenye hafla ya tawi moja dogo: meza za kukunja, birika kubwa la kahawa, bendera pembeni. Mzee mwenye kofia ya tawi alisoma barua ya kumpendekeza polisi aliyetuzwa, karatasi kaiweka mbali na macho maana miwani aliisahau. Tukio la bastola lilipata sentensi moja. Zilizobaki zilihusu mjane ambaye polisi yule humwondolea theluji mlangoni kabla ya zamu, na vijana anaowafundisha mpira Jumamosi. Polisi mwenyewe aliinamia sahani yake muda wote.

Kama ningeulizwa, ningedai barua moja zaidi: ya mtu aliyewahi kukamatwa naye. Nilimwambia hivyo mzee wa jirani yangu mezani. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika, kisha akanionyesha kwa kidevu kijana aliyekuwa akipanga viti nyuma. “Yule pale,” akasema. “Mara mbili.”