Kiti cha Kiima

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu wa Busia, asanteni kwa kunikaribisha. Leo nazungumzia kiima, yaani neno au fungu la maneno linalokaa mbele ya kitenzi na kitenzi kikalifuata, kama "Mama" katika "Mama anauza". Haya nitakayosema wengine mmeshayasikia kutoka kwangu, na nitayarudia mpaka yaingie madarasani.

Nianze na daftari. Nilikuwa nafundisha Kiingereza darasa la nne, na binti mmoja akaandika insha kuhusu mama yake: "My mother she sells tomatoes. My mother she wakes up early." Nikashika kalamu nyekundu, nikakata kila "she", nikaandika "kosa" pembeni, nikamrudishia. Kesho yake akaleta insha mpya, mwandiko safi, mistari imenyooka: "My mother sells tomatoes. Sells onions also. Comes home at night." Hakuna "she" hata moja. Mtoto alikuwa amenitii! Aliona neno lile limepigwa marufuku, akaliacha kabisa.

Nilikaa na daftari lile jioni nzima. Kosa la kwanza lilikuwa lake. La pili nilimpa mimi. Na lile la kwanza lilikuwa na asili yake. Tazameni ubaoni: "Mama anauza nyanya." Sasa nafuta "Mama". Imebaki "anauza nyanya". Bado mnajua muuzaji ni mtu, ni mmoja, si mimi wala si wewe. Mmejuaje? Ni ile "a". Kiganda nacho ni hivyo hivyo: "omwana alya", mtoto anakula, "abaana balya", watoto wanakula. Mfute mtoto, kitenzi bado kinamkumbuka. Kisamia chenu pia hubeba nafsi ndani ya kitenzi. Mtoto aliyekulia humo akiingia kwenye Kiingereza huitafuta "a" yake, haioni, anakutana na "she", basi anaibandika hapo. Ametumia akili, wala si uvivu.

Sasa naandika "My mother sells tomatoes", nafuta "My mother". "Sells tomatoes." Nani? Kimya. Kitenzi cha Kiingereza hakimbebi mtu mgongoni. Ile "s" inadokeza tu kwamba ni mmoja, si mimi wala si wewe. Nenda wakati uliopita, "sold", hata hiyo hutaiona. Ndiyo maana Kiingereza kimeweka kiti mbele ya kitenzi. Kiti hicho lazima kikaliwe, na mkaaji ni mmoja. Akikaa "my mother", "she" anangoja nje. Sentensi inayofuata, mama ameshajulikana, "she" anaingia kukaa. Binti yule nilipomchorea kiti ubaoni alielewa kabla sijamaliza kuchora miguu yake.

Mtu ataniuliza: na "My mother and I"? Hao ni wawili, lakini wamefungwa pamoja na "and", na wote unaweza kuwatoa ukaweka "we". Hicho ndicho kipimo ninachowasihi mkitumie: kiima ni fungu lote la mbele ya kitenzi linaloweza kubadilishwa na kiwakilishi kimoja, neno kama "she", "we" au "they". "The old woman with the baskets sells tomatoes." Watoto wengi watakwambia kiima ni "baskets" kwa sababu kimekaribiana na kitenzi. Badilisha: "She sells tomatoes." Vikapu vimeondoka pamoja na bibi, kwa hiyo kiima ni fungu zima na kichwa chake ni "woman".

Tafadhali, tuache kuwakaririsha kwamba kiima ni mtenda. "The tomatoes are sold at the border." Nyanya zimetenda nini? Zimeuzwa! Lakini weka "they", sentensi inasimama. Tumewafundisha watoto maana, kisha mtihani wa darasa la saba unawauliza muundo.

Najua pingamizi linalokuja: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza, lugha za nyumbani zisiingie. Lakini mtaala wetu wa Uganda tangu 2007 unamlea mtoto kwa lugha ya kwao mpaka darasa la tatu, darasa la nne ndipo anavukia Kiingereza. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua Kiswahili kiwe somo la lazima. Mtoto anafika kwako na sarufi iliyokamilika kichwani, nawe unamwambia aiache mlangoni? Atapita nayo dirishani.

Naona mwenyekiti anatazama saa, niharakishe. "He" na "she": sisi tuna "a" moja, Waacholi wana "en" moja, kwa hiyo mtoto anayemwita dada yake "he" hajamtukana, mpe muda na mazoezi mengi ya mdomo. "Me I am going", tunayoisikia hata redioni, ni "nze ngenda" ya Kiganda, "mimi ninakwenda": nafsi imetajwa mara mbili, kiti kimoja. "Him" na "her" hazikai kwenye kiti hicho: ni "she sells", si "her sells". Nasi tunabadilisha, ila ndani ya kitenzi: "alikuona", "ulimwona", ile "a" ya kiima imegeuka "mw" ya anayeonwa. Na "It is raining": kwetu mvua yenyewe inanyesha, kwa Kiganda "enkuba etonnya", lakini Mwingereza hakuitaja mvua kama kiima, na kiti hakiruhusiwi kubaki wazi, basi akamkalisha "it" asiye na kazi nyingine yoyote. Amri kama "Sit down!" tutazitazama baada ya chai.

Mwalimu wa pale nyuma, njoo uchukue chaki. Andika sentensi yoyote mliyoisahihisha wiki hii, halafu ufute kiima chake.