Kanuni Kabla ya Matokeo: Mapitio ya Kimfumo ya Tafiti za Tiba
Mhadhara kwa matabibu na wauguzi, Mtwara

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Nimefurahi kuona matabibu na wauguzi mmekaa pamoja, maana kazi iliyotuleta hapa haifanywi na mtu mmoja.

Mliofanya kazi wodi za watoto, iwe hapa Mtwara au kule Ndanda na Nyangao, mnaikumbuka dripu ya kwinini kwa malaria kali. Mtoto analetwa na degedege, unatundika dripu, unahesabu matone, unarudi kupima sukari kwa sababu kwinini huishusha. Leo tunachoma artesuneti. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo: waliopewa artesuneti walifariki asilimia 8.5, wa kwinini asilimia 10.9. Baadaye watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, wakakusanya majaribio manane yaliyolinganisha dawa hizo, yenye watu wazima 1,664 na watoto 5,765, wakayachambua kwa pamoja. Kwa watoto, hatari ya kufa ilipungua kwa karibu robo. Hayo ndiyo mapitio ya kimfumo, na nataka mjue kuyafanya nyinyi wenyewe.

Mnaanza na swali lenye mipaka: wagonjwa gani, tiba gani, ikilinganishwa na nini, mnapima matokeo gani. Halafu mnaandika kanuni zenu zote kabla hamjasoma tafiti, na kuzisajili hadharani. Daftari la PROSPERO, la mtandaoni la kusajili mapitio kama haya, linapokea usajili bila malipo. Hapa sina mjadala. Ukishaona matokeo, moyo unaanza kuvutia upande, na utapata sababu nzuri tu ya kuutupa utafiti usioupenda.

Kutafuta ni kazi ya wiki nyingi. PubMed, hazina ya mtandaoni ya kutafutia makala za tiba, ni bure, lakini msiishie hapo. Majarida yetu ya Afrika yasiyoorodheshwa huko nayo yana majaribio. Tafuteni pia yaliyosajiliwa yasichapishwe, kwani tafiti ambazo dawa haikufua dafu mara nyingi hubaki kabatini. Mpima korosho ghalani hachukui za juu ya gunia peke yake.

Sasa kuchuja, na hapa nitakaa kidogo. Kila muhtasari wa utafiti mlioupata usomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake. Huku kwetu jambo hili lina ugumu wake. Muuguzi kijana akikaa meza moja na daktari aliyemfundisha kazi, daktari akisema "huu utoke", kijana ataitikia kwa heshima, na hapo mmebaki na msomaji mmoja. Kwa hiyo kila mtu ajaze fomu yake, aandike uamuzi na sababu, ndipo fomu zifunguliwe pamoja. Mkipishana, jadilianeni kwa kanuni mlizoandika. Mkishindwa, mwiteni wa tatu. Nawaomba sana wakubwa, wapeni vijana nafasi ya kuwapinga kwenye karatasi.

Utafiti ukipita mchujo, ukaguliwe. Ulizeni wagonjwa waligawanywaje. Tuseme Jumatatu ni zamu ya artesuneti na Jumanne ya kwinini. Anayepokea wagonjwa anajua dawa ya leo, na mtoto aliyezidiwa anaweza kusubirishwa hadi kesho, au kuachwa nje ya utafiti kabisa. Vifo vya kundi moja vitapungua bila dawa kuhusika. Mgawanyo wa bahati nasibu uliofichwa, kwa mfano ndani ya bahasha zisizopitisha mwanga, unaziba mlango huo. Ulizeni pia wangapi walitoroka kabla ya mwisho, na wakahesabiwa wapi.

Kujumlisha takwimu kuna programu zake, tutazishika siku nyingine. Jueni tu kwamba si lazima kujumlisha: tafiti zikitofautiana mno kwa wagonjwa au dozi, zielezeni moja moja. Na mwishoni semeni wazi ushahidi una uzito gani, hata kama ni hafifu.

Tugawane wawili wawili, mkubwa na mdogo. Nina mihtasari 20 ya tafiti za malaria kali, na kila mtu atapata fomu yake. Swali ni lile lile la artesuneti na kwinini kwa watoto. Msiongee hadi wote wawili mmeshatia sahihi.