Bolti Zilizo Ndani ya Betri

Ndugu zangu mafundi wa Mbeya, nanyi vijana mnaosomea ufundi magari, karibuni.

Kiwanda cha Volkswagen cha Zwickau, Ujerumani, kilianza kuunda gari la umeme la ID.3 Novemba 2019. Gari lake la mwisho la mafuta lilitoka Juni 2020. Kuchomelea bodi na kupiga rangi kulibaki. Kilichobadilika kiko chini ya gari: injini, ekzosi na tangi la mafuta vimeondoka, na mahali pake inafungwa betri yenye uzito wa mamia ya kilo.

Nataka tukae kwenye bolti za ndani ya betri hiyo, zile zinazobana vipande bapa vya shaba kati ya moduli na moduli, yaani mafungu ya seli yanayounda betri. Kwenye injini, bolti ikilegea utaona mafuta yakivuja. Hapa hakivuji kitu. Ungio likiwa na ukinzani (kizuizi cha umeme) wa miliomu 1 tu, yaani sehemu moja ya elfu ya omu, na ampea 200 zikipita, linatoa joto la wati 40 mahali padogo kuliko kiganja. Gari likipanda mlima Kitonga na mzigo, joto hilo halipati nafasi ya kupoa: plastiki inalainika, bolti inazidi kulegea, ukinzani unapanda tena. Chanzo huwa ni vumbi, grisi ya vidole, au mkono uliokaza kwa kukisia. Kwa hiyo futa shaba, kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha mtengenezaji, piga alama ya rangi, kisha pima ukinzani. Ukizidisha nguvu unakata meno ya bolti, na hilo ni kosa zito vilevile.

Gasketi ya kifuniko cha betri hupimwa kwa hewa. Presha ikishuka, maji ya masika nayo yatapita.

Gari la umeme likifika Mwanjelwa, hapa Mbeya, zima, chomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu chake, mara nyingi 5 hadi 10, maana kapasita (vihifadhi umeme) za inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota, bado zimeshika umeme. Jaribu mita kwenye umeme unaoujua, pima gari, rudi ujaribu mita tena. Mita mbovu nayo husoma sifuri. Glavu ziwe za volti 1000. Kila asubuhi kunja glavu kuanzia kwenye mdomo wake hadi ivimbe, isogeze karibu na shavu. Ukihisi hewa ikitoka, hata kidogo, itupe, na gari lisubiri.