Aibu Ndiyo Inayomrudisha Mvutaji

Ndugu zangu, leo sitawaonyesha picha za mapafu meusi. Mvutaji anayajua madhara ya sigara, pengine kuliko sisi tunaomhubiria. Kinachomrudisha kwenye pakiti, mara nyingi, ni aibu.

Mtu ameacha siku 9. Ya 10 amegombana kazini, akaomba sigara moja, akavuta. Hiyo moja haikumwangusha. Kilichomwangusha ni aliyojiambia baadaye: "Nilijua tu, mimi sina msimamo." Maneno hayo yanauma, na kitulizo alichokizoea ni kipi? Sigara. Kufika usiku, pakiti imekwisha.

Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomzoesha mtu sigara, hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya kuvuta. Baada ya saa 2 hivi, nusu yake imeshatoka kwenye damu, na ubongo unaanza kudai. Huo ni mwili unaodai ulichozoeshwa. Tabia yako haihukumiwi hapo. Siku 2 au 3 za kwanza ndizo kali zaidi: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, mikono isiyotulia. Lakini kila hamu ikipanda, hudumu dakika chache, kisha hushuka yenyewe.

Dakika hizo nazipenda sana. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa, kuliko yote, na mambo aliyoyafanya akayaweza. Sifa za watu hazifikii hapo. Basi usiape kwamba hutavuta maisha yako yote. Jiambie: hamu hii moja nitaingoja ipite. Ikipita, umetimiza neno lako. Kwa siku unaweza kulitimiza mara 10, na anayetimiza neno lake mara 10 hana haki ya kujiita dhaifu.

Kubandika kwenye ngozi kiraka cha nikotini cha kupunguza hamu, au kumwona daktari, pia si udhaifu. Huniuma kusikia mtu akichekwa kwa hilo. Nanyi mnaoishi na mvutaji, lile neno "umeshindwa tena" limezeni, nawaomba.

Na yule ndugu wa siku ya 10? Aandike ilikuwa saa ngapi, alikuwa na nani, moyo wake ulikuwaje. Pakiti aitupe usiku uleule. Kesho akiulizwa, ajibu kwamba ameishi siku 9 bila sigara, maana ameziishi kweli.